Kovu Kwenye Buni

   Msikilizaji, kama unachambua mboga, endelea kuchambua. Kama uko shambani na redio umeitundika mtini, iache hapohapo. Leo mazungumzo yetu ni ya buni mbili tu, na nataka uziweke kiganjani mwako, japo kwa mawazo.

Buni hizo zimetoka kihambani kwa mama mmoja wa Marangu, Kilimanjaro, ambaye ameniletea ujumbe. Anasema: "Mwanangu, nina mibuni ya zamani, aliyoipanda marehemu baba mkwe, na nina hii mipya ya vikonyo. Mvua zilipokolea, yote imetoka madoa. Kwenye ya zamani doa ni jeusi, limebonyea, na buni zinadondoka. Kwenye mipya doa ni jepesi, rangi ya udongo mkavu, ukiligusa ni gumu, na buni haidondoki. Muuza dawa ameniambia ugonjwa ni uleule, nipulizie yote, na nirudie baada ya wiki mbili. Nipulizie?"

Nitakujibu, mama. Ila jibu nimeliweka mwisho, maana nikilitoa sasa utazima redio ukachukue bomba.

Basi, msikilizaji, kiganja cha kushoto weka buni yenye doa jeusi lililobonyea. Cha kulia weka yenye doa gumu la rangi ya udongo. Umeziweka? Zimenyeshewa mvua moja, zimepigwa na upepo mmoja, na adui aliyezigonga ni yuleyule. Moja imeoza, nyingine imebaki na kovu. Kuna nini katikati ya kuoza na kupata kovu? Huko ndiko tunakokwenda.

Tuanze na adui mwenyewe. Ugonjwa huu wakulima wanauita chulebuni. Unaletwa na kuvu, jamaa wa ule ukungu unaouona juu ya mkate uliolala. Ulionekana kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, ukasambaa polepole katika nyanda za juu za Afrika zinazolima arabika, na mwaka 1971 ukapiga hodi Ethiopia kwenyewe, nyumbani kwa kahawa. Hadi leo haujavuka bahari kwenda Brazil wala Colombia, na wenzetu wa huko wanaomba usivuke. Mwaka 1993 wataalamu waliipa kuvu hii jina lake la kisayansi: Colletotrichum kahawae. Umesikia mwisho wa jina? Kahawae. Kiswahili kimeingia kwenye Kilatini cha wanasayansi kwa mlango wa ugonjwa! Si mlango ambao ningeuchagua mimi, lakini tumeingia.

Sasa anaingiaje huyu? Anapenda mambo mawili, ubaridi na maji. Tone la mvua linaipiga buni iliyooza, linaruka, na ndani ya tone hilo mna chembe ndogo mno za kuvu, tuziite spora, yaani mbegu zake. Spora inatua kwenye buni changa ya kijani. Ikipata unyevunyevu wa saa kadhaa bila kukauka, inaota. Inatoa kimrija kifupi, ncha ya kimrija inavimba, inakuwa kidude cha mviringo, cheusi, kilichogandamana na ngozi ya buni kama kupe. Weusi ule ni melanini, ndugu wa rangi ya nywele zetu, na kazi yake ni kuziba: vilivyomo visivuje nje huku maji yanazidi kuingia. Shinikizo linapanda, linapanda. Iko kuvu nyingine yenye ufundi huohuo, ile ya ugonjwa wa blasti kwenye mpunga. Wataalamu walipima shinikizo lake wakakuta linakaribia mara 40 ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndani ya kitu usichoweza kukiona kwa macho! Halafu chini ya kidude kile kinachomoza kijisumari chembamba, kinatoboa.

Na akishaingia, msikilizaji, hana haraka. Hapa ndipo huwa namvulia kofia, ingawa ni adui. Siku za mwanzo kuvu ya chulebuni haiui. Inakaa ndani ya seli zilizo hai kama mgeni mpole, inakula kidogokidogo, na ukiitazama buni kwa nje huoni kitu. Ikishajiimarisha inageuka. Inamwaga vimeng'enya vya kuyeyushia kuta za seli, inaua na kula maiti. Hapo ndipo mkulima analiona lile doa jeusi linabonyea. Doa unaliona leo. Mgeni aliingia zamani.

Haya. Mbuni nao una nini cha kujitetea?

Wewe ukichomwa na mwiba, chembe nyeupe za damu yako zinakimbilia pale penye jeraha. Mbuni hauna damu. Hauna kikosi cha kutuma, hauna chembe inayosafiri kutoka mzizini kwenda kupigana tawini. Kwa hiyo kila seli ya mmea inajilinda yenyewe. Fikiria kijiji kisicho na kituo cha polisi, lakini kila nyumba ina panga nyuma ya mlango, na kila mwenye nyumba anajua kupiga yowe. Ndivyo ulivyo mmea.

Lakini panga halina maana kama hujui kwamba mwizi ameingia. Kwa hiyo swali la kwanza katika ulinzi wote huu ni la utambuzi: seli inamjuaje mgeni?

Inamjua kwa nguo zake. Ukuta wa kuvu umejengwa kwa kitu kinachoitwa kitini. Wanafunzi, tulieni, sisemi kitini cha darasani. Hiki ni kile kinacholipa gamba la kamba na kaa ugumu wake, na maganda ya wadudu vilevile. Ni mnyororo mrefu wa punje za sukari zilizoungana kama shanga. Mmea wenyewe haujengi kwa kitini. Kuta zake ni za selulosi. Basi seli ya mmea ikikutana na kipande cha kitini, haihitaji kuuliza zaidi. Hapa pana mtu ambaye si wa humu.

Inafanyaje? Kwanza ina kimeng'enya kinachokata kitini, kama mkasi unavyokata uzi wa shanga. Mkasi huo una kazi mbili kwa mpigo. Unaubomoa ukuta wa kuvu, na vile vipande vinavyodondoka vinakuwa taarifa. Juu ya utando wa seli vimesimama vipokezi, protini zenye kichwa nje na mguu ndani, kama kitufe cha kengele mlangoni na waya wake uliopita ukutani. Kipande cha kitini kikinasa kichwani, mguu unaamka ndani. Kwenye mpunga, wataalamu wa Japani walikipata kipokezi cha kitini mwaka 2006, na baadaye ikaonekana kuwa mimea mingi ina vya jamii hiyo.

Kengele ikilia, mambo yanakwenda haraka. Kalsiamu inamiminika ndani ya seli. Dakika chache tu, na seli inafyatua haidrojeni peroksidi, ile dawa inayosafishia vidonda na kupaushia nywele saluni. Inamuunguza adui, na pia inasaidia kuufanya ukuta ugumu. Pale kijisumari kinapochoma, seli inabandika kiraka cha sukari nzito upande wa ndani, hasa hasa mkabala na tundu. Ukitazama kwa darubini unakiona kiraka na kijisumari vimekabiliana, huyu anasukuma, huyu anakandika.

Nisimame hapo kidogo, maana najua kuna anayesema: mbona hivyo ni rahisi? Kama kila mmea unakijua kitini, ugonjwa unatoka wapi?

Unatoka kwenye werevu wa kuvu, ndugu yangu. Wataalamu wa Wageningen, Uholanzi, wameichunguza kwa miaka mingi kuvu moja inayoshambulia majani ya nyanya, na walichokikuta ni kama hadithi za sungura. Kuvu ile ina protini moja inayojibandika juu ya kitini chake, kama mtu aliyevaa koti gumu juu ya shati, na mkasi wa mmea ukija hauli. Ina protini nyingine inayozunguka kuokota vile vipande vya kitini vilivyodondoka kabla havijafika kwenye kengele. Fikiria mwizi anayetembea na mfagio, anafuta nyayo zake mwenyewe! Na zaidi ya hizo, kuvu zinapenyeza protini nyingine ndani kabisa ya seli, zikakate waya wa kengele. Buni yako ya kiganja cha kushoto, ile iliyooza, ulinzi wake wa mlangoni ulivukwa.

Sasa tuhamie kiganja cha kulia.

Mimea iliyozoeana na adui kwa muda mrefu ina mlinzi wa pili, na huyu hakai mlangoni, anakaa ndani. Ni protini iliyojikunja, imetulia, inangoja. Haihangaiki na kitini. Inazitazama zile protini za hila, zile zilizotumwa kukata waya. Umeona mchezo? Silaha ya mwizi ndiyo inayomtambulisha. Aliyeng'amua jambo hili mapema alikuwa Mmarekani, Harold Flor, kule North Dakota, katika miaka ya 1940. Alikuwa akishughulika na kitani, mmea unaotoa nguo, na kuvu yake iitwayo kutu. Yeye hakuridhika kuuchavusha mmea peke yake kama wenzake. Alizalisha mimea kwa mimea, na kutu kwa kutu. Akakuta kwamba kila jeni la ulinzi la mmea lina jeni lake la kuvu linaloendana nalo, kama kufuli na ufunguo. Molekuli zenyewe hakuziona. Alihesabu watoto wa mimea na madoa ya kutu tu, akafika.

Molekuli tumekuja kuziona sisi wa zama hizi. Mwaka 2019 wataalamu wa China walipiga picha ya mlinzi wa ndani akiwa kazini, katika mmea mdogo wa maabara. Protini tano zinakusanyika, zinashikana, zinakuwa gurudumu. Mwaka 2022 ikaonekana vivyo hivyo kwenye ngano: mlinzi aitwaye Sr35 akiitambua protini ya kutu ya shina, zinakutana tano, zinakuwa gurudumu, na gurudumu hilo linatoboa tundu kwenye utando wa seli. Kalsiamu inafurika. Seli inakufa.

Inakufa? Ndiyo, inajiua. Seli inabomoa nyumba yake na mwizi akiwa ndani. Kutu ya ngano haiwezi kula maiti, inahitaji seli iliyo hai. Nyumba ikianguka nayo imekwisha. Unachokiona wewe kwa nje ni kinukta kidogo kikavu kwenye jani.

Kutu hiyo ya shina, kwa taarifa yako, inatuhusu sana hapa Afrika Mashariki. Ile iliyotikisa dunia iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikaitwa Ug99. Ilimpita mlinzi mmoja, Sr31, aliyechukuliwa kutoka kwenye nafaka ya rai, na ambaye ngano ya nchi nyingi ilikuwa ikimtegemea. Baada ya hapo ngano kutoka pembe zote za dunia ikaanza kuletwa Njoro, Kenya, ipandwe makusudi palipo na kutu, ionekane ipi itasimama.

Turudi kwenye buni. Chulebuni si kama kutu. Nimekwambia kwamba baadaye inakula maiti. Kwa hiyo kujiua kwa seli kunasaidia kukifanyika mapema, mgeni akiwa bado mpole. Seli ikichelewa, inakuwa imempikia chakula. Saa chache zinatofautisha kiganja cha kulia na cha kushoto. Mibuni yote miwili ina mapanga, yote miwili ina kengele; mmoja ulipiga yowe jioni, mwingine alfajiri nyumba ikiwa imeshabebwa.

Na ule uliowahi haukuishia kuua seli chache. Mwaka 1982 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Ruiru, Kenya, walieleza walichokiona walipozichana buni za mibuni inayostahimili chulebuni na kuzitazama kwa darubini. Chini ya mahali kuvu ilipochoma, seli zilikuwa zimegawanyika upya zikapanga safu kwa safu, na kuta zake zikawa na kitu kama cha kizibo cha chupa, kile cha gamba la mti. Hakipitishi maji, hakipitishi kimeng'enya. Mama wa nyumbani unakijua kitu hicho: kata kiazi mviringo, kisahau juu ya meza siku chache, kile kigozi kikavu kinachotokea penye mkato ndicho hicho. Buni imejifungia ukuta wa kizibo, kuvu imebaki upande wa nje, na vile vijiseli vilivyokufa upande huo vikakauka, vikawa doa gumu la rangi ya udongo.

Nirudie, kwa aliyeingia sasa hivi kutoka kisimani: doa jeusi lililobonyea, adui yumo anakula. Doa gumu, jepesi, lisilopanuka, adui alikuja akakwama. Hilo ni kovu.

Kuna swali ambalo hunijia kila nikizungumza haya. Kama ulinzi ni mzuri hivi, kwa nini mmea usiwashe kila kitu muda wote? Wataalamu wameijaribu mimea ambayo kengele zake hazinyamazi. Inadumaa. Majani madogo, mbegu haba, na mingine inatoka vidonda bila kuguswa na chochote. Sukari inayojenga ukuta wa kizibo ni sukari ambayo ingejaza buni. Ndiyo maana mmea unasubiri, na ukishaguswa mahali pamoja unatoa taarifa sehemu nyingine zikae macho. Mojawapo ya molekuli zinazohusika ni asidi ya salisili, ndugu wa karibu wa aspirini unayomeza kichwa kikikuuma. Tafadhali, msikilizaji, nimekuomba, usiende kuumwagia mbuni wako aspirini halafu useme umesikia redioni.

Haya, hiyo mibuni mipya ya mama yetu ilipata wapi walinzi wa ndani? Kwa kuolewa. Mwaka 1980 watafiti wa Kenya walieleza majeni matatu ya kuikabili chulebuni, wakayaita kwa herufi tu. Moja linatoka kwenye kahawa ya Rume Sudan, kutoka uwanda wa Boma, sasa Sudan Kusini. Jingine linatoka mbali, kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta zilikutana zenyewe shambani zikazaa chotara. La tatu liko kwenye aina ya K7. Kwa kuyachanganya, Kenya ikatoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Waethiopia wao, ulipowafikia ugonjwa, waliingia misituni kwao kutafuta mibuni iliyosimama huku wenzake wameoza, na mwaka 1974 wakawa wameshachagua ile ambayo hadi leo majina yake ni namba zinazoanza na 74. Kwetu, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo ilizichukua N39 na KP423, kahawa ambazo wazee wetu walizipenda kwa ladha, ikazioza kwa zenye ustahimilivu, na watoto wake ndio hivyo vikonyo.

Binafsi nawapa heshima zaidi walioweka walinzi wawili watatu ndani ya mbuni mmoja. Umesikia yaliyompata Sr31 akiwa peke yake. Kuvu inazaa mamilioni ya spora, na ikitokea moja tu iliyobadilisha ule ufunguo wake, mlinzi mmoja hamjui tena. Kubadilisha funguo tatu kwa mpigo ni kazi nyingine kabisa.

Mama wa Marangu, uko hapo? Jibu lako hili. Mibuni ya vikonyo, usiipulizie kwa ajili ya makovu hayo. Chukua uzi, funga kwenye matawi matatu yenye buni za madoa, ziangalie baada ya siku kumi. Doa likibaki kama lilivyokuwa, achana nalo. Likipanuka na kuwa jeusi, hapo muite bwana shamba. Na uziangalie tena zitakapoanza kuiva, maana wakati huo ukuta hulegea na kovu jingine huamka. Ile ya marehemu baba mkwe, yenyewe ndiyo inayohitaji dawa, na dawa iwahi, buni zikiwa ndogo, kabla ya kuona doa. Unakumbuka nilivyosema mgeni huingia zamani. Chuma buni zote nyeusi, hata zile zilizokaukia mtini, uzifukie mbali na mibuni. Pogolea, upepo upite, majani yakauke mapema asubuhi.

Na ukitaka kuibebesha mibuni hiyo ya zamani vikonyo vipya juu ya shina lake lilelile, ili shina la mzee libaki, inawezekana. Wiki ijayo nitakuja na fundi wa kubebesha atueleze kisu kinashikwaje. Fundi mitambo ananionyesha saa. Usiku mwema, na mwenye kahawa jikoni animiminie kikombe.